Pikseli, ukili na ujima

Mjukuu wangu wa Ganjoni anaunda programu ya kuchora na wenzake mtandaoni. Juzi kaniuliza, "Babu, pikseli kwa Kiswahili ni nini?" Ni nukta ya picha. Neno hilo Frederic Billingsley alilichapisha Marekani 1965.

Mwaka 2017, kwenye Reddit, zaidi ya watu milioni moja walichora pamoja picha ya nukta milioni moja kwa saa 72. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa 2009, ujumbe wetu ulipitia setilaiti, kilomita 36,000 juu. Tungechelewa, tufutwe.

Siri ya kasi ni kugawana kazi: kila kompyuta na sehemu yake. Bibi zetu walisuka kila mmoja ukili wake, kisha wakashona mkeka. Huo ni ujima. Nani basi asema Kiswahili hakina msamiati wa kompyuta?