Ikisiri ya kutazama

Fungua makala ya jarida la Kioo cha Lugha la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na chini ya jina la mwandishi mara nyingi utakuta neno "Ikisiri". Kwa nini si "muhtasari"? Muhtasari una kazi nyingi mno. Mwalimu wa Tanzania akiutaja, huenda anamaanisha mpango mzima wa somo. Katibu wa kijiji, yale yaliyosemwa kikaoni. Wanazuoni wakaona wawe na neno lao.

Sasa neno hilo limepata mtihani. Mwaka 2016 jarida la Annals of Surgery la Marekani, kwa ubunifu wa daktari Andrew Ibrahim, lilianza kuchora ikisiri: swali la utafiti juu, chini yake visanduku vitatu, kila kimoja na kijipicha, mshale wa kupanda au kushuka na tarakimu. Jaribio lao mtandaoni lilionyesha kwamba makala iliyotangazwa kwa mchoro ilifunguliwa karibu mara tatu zaidi ya ile iliyotangazwa kwa kichwa chake tu. Majarida mengine yakafuata, na baadhi hutumia pia video fupi.

Tuuiteje mchoro huo? "Ikisiri taswira" inanukia kamati. Mimi nachagua "ikisiri ya picha", na dada yake "ikisiri ya video". "Kielelezo" kisiguswe, maana tayari ni mchoro wa ndani ya makala, na mhariri atakayeomba kielelezo ataletewa grafu ya ukurasa wa saba.