Abiria wa Kukodi: Historia ya Linki, na Vile Blogu Zako Tano Zinaweza Kuzamishana

Wasee wa Nairobi mnajua huu mchezo. Unafika steji, unaona matatu imebakisha viti viwili, unaingia mbio ukijua inatoka saa hii. Ukishakaa, wale "abiria" wanaanza kushuka mmoja mmoja. Kumbe walilipwa kukalia viti ndio gari ionekane imejaa. Wewe ndiye abiria wa kwanza wa ukweli.

Intaneti ina mchezo kama huo, na una zaidi ya miaka 20. Nauandikia historia yake kwa sababu kila wiki naona kijana ana blogu ya mpira, ya udaku, ya mapishi, ya kazi na ya simu, zote tano zimeunganishwa juu, chini na kando, na kuna mtu wa "SEO" anamwitisha pesa kwa M-Pesa amuongezee linki mia tano. Kama hizo blogu ndizo zinakulipia rent, soma hii kwanza.

Tuanze mwanzo. Zamani mitambo ya kutafuta ilitegemea sana maneno. Ukitaka kuonekana kwa neno "viatu", ulirudia "viatu" mara mia, hata kwa rangi sawa na ya ukurasa ili msomaji asiione. Mtandao ulijaa takataka.

Dawa ilitoka mahali hukutarajia: maktaba. Mwaka wa 1955, Eugene Garfield, Mmarekani, alipendekeza kwenye jarida la Science kwamba makala za kisayansi zifuatiliwe kwa kuangalia nani amemnukuu nani. Ukinukuliwa na wengi, kuna kitu umesema. Miaka ya 90, watu wakaona kwamba linki ni kama nukuu. Mwaka wa 1996 Robin Li, ambaye baadaye alianzisha Baidu ya Uchina, alitengeneza RankDex iliyopanga kurasa kwa kutumia linki. Karibu wakati huo huo, pale Stanford, Larry Page na Sergey Brin walikuwa wanatengeneza PageRank. Wote wawili waliacha masomo ya PhD wakaanzisha Google mwaka wa 1998. (Mama, kama unasoma hii, si mimi peke yangu.)

Wazo la PageRank ni rahisi. Linki ni kura, lakini kura hazilingani. Ukurasa ambao wenyewe umepigiwa kura nyingi una kura nzito, na uzito huo unagawanywa kwa linki zote zilizo ndani yake. Ukipigiwa kura na mtu anayeheshimiwa ambaye hutaja wachache, unapanda. Ukitajwa na mtu anayetaja kila mtu, hupati kitu cha maana.

Na kabla ya hapo, watu walikuwa wanaunganisha tovuti bila kufikiria nani atapanda. Katikati ya miaka ya 90, kijana Mmarekani anayeitwa Sage Weil alianzisha WebRing. Tovuti za mada moja zilishikana mikono kama duara: ukimaliza hii, unabofya inayofuata, mpaka unarudi ulipoanzia. Ilikuwa ya msomaji. Wapenda treni wanapata wapenda treni wengine, basi.

Halafu linki ikawa na thamani, na wahenga walishasema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwishoni mwa mwaka wa 2000 Google ilitoa Toolbar yake iliyoonyesha alama ya PageRank ya ukurasa kuanzia 0 hadi 10. Fikiria umepewa mita ya heshima ambayo kila mtu anaiona. Soko likafunguka hapo hapo. Linki ikawa na bei kulingana na alama.

Kesi ya kwanza kubwa ni ya SearchKing ya Oklahoma. Mwaka wa 2002 kampuni hiyo ilianza biashara ya kuuza matangazo kwenye tovuti zingine, bei ikitegemea PageRank. Google ikawashusha. SearchKing wakaenda kortini. Mwaka wa 2003 jaji aliitupa kesi hiyo, akisema alama za Google ni maoni, na maoni yanalindwa na katiba ya Marekani. Hapa pause kidogo. Maana yake ni kwamba nafasi yako kwenye Google haikuwa haki yako. Ni maoni ya mtu mwingine kukuhusu. Sipendi kampuni moja kuwa na nguvu hivyo juu ya riziki za watu, na sijui kwa nini tumezoea. Lakini ukijenga nyumba kwa shamba la wenyewe, angalau jua masharti.

Mwaka wa 2005 Google, Yahoo na MSN walikubaliana kuhusu alama ya "nofollow", kitu kidogo unachoweka ndani ya linki kusema: nimemtaja huyu, lakini simpigii kura. Lengo lilikuwa kuzima spamu. Hata hivyo soko halikuzimika, likahamia vyumba vya nyuma. Watu walianzisha mashamba ya linki: mtu mmoja, tovuti mamia, zote zinatajana. Ni kama chama cha merry-go-round, tofauti ni kwamba hakuna mwanachama aliyewahi kuleta pesa. Mnazungusha bahasha tupu.

Februari 2011, New York Times ilianika JC Penney, duka kubwa la Marekani. Msimu wa Krismasi uliopita, duka hilo lilikuwa juu kwa vitu vingi sana, hata kwa mabegi ya Samsonite lilikuwa juu ya Samsonite wenyewe. Sababu? Linki kutoka kwa maelfu ya kurasa zisizohusiana kabisa na biashara yao. Duka lilisema halikujua, likafuta kazi kampuni yake ya SEO. Google ilipochukua hatua, kwa yale mabegi ya Samsonite walishuka kutoka nambari 1 hadi 71 kwa masaa mawili hivi. Masaa mawili, buda. Duka lenye matawi kila mahali lilivumilia. Wewe mwenye blogu tano ungevumilia?

Tarehe 24 Aprili 2012 ikaja Penguin, programu iliyowinda linki za ujanja bila kungoja gazeti lianike mtu. Wamiliki wengi waliamka wasomaji wameisha. Oktoba mwaka huo Google ikatoa kifaa cha kukana linki, yaani unapeleka orodha ya tovuti na kusema hawa siwatambui. Watu waliokuwa wamelipia linki wakaanza kuomba ziondolewe. Mwaka wa 2014 zikafuata zile zinazoitwa PBN, mitandao ya blogu za siri ambazo mara nyingi zilijengwa kwa kununua domeini zilizokwisha muda. Tangu 2016, Penguin hufanya kazi muda wote, na kawaida hupuuza linki mbovu badala ya kukuadhibu. Maanake unaweza kulipia linki mia tano na zisihesabiwe hata moja, na hakuna atakayekuambia. Na Machi 2024 sheria ziliongezwa tena, zikitaja wazi wanaonunua domeini zilizokufa ili kutumia sifa zake.

Sasa, je, kuunganisha tovuti zako ni dhambi? Hapana. Angalia Wikipedia. Ina matoleo ya lugha mamia, Kiswahili kikiwemo, na makala nyingi zimeunganishwa na makala zile zile kwa lugha zingine. Hakuna anayeiadhibu, kwa sababu linki hiyo ina kazi: mtu anatafuta somo lile lile kwa lugha yake.

Kwa hivyo historia inatufundisha hivi. Blogu ya mapishi ikitaja bei ya sufuria na kwenye blogu yako nyingine umelinganisha sufuria, weka linki hapo hapo kwenye sentensi. Lakini kubandika "simu bei nafuu Kenya" chini ya kila ukurasa wa blogu ya mpira, huyo ni abiria wa kukodi. Ukitaka watu wajue tovuti zako zote, tengeneza ukurasa mmoja wa "Kuhusu sisi" uzitaje kwa majina yake. Linki iliyolipiwa, iwekee alama ya "sponsored" au "nofollow". Usifiche kwamba zote ni zako. Na jiulize kama unahitaji tano. Mara nyingi blogu moja yenye sehemu tano hushinda blogu tano zenye njaa, kwa sababu kila kura unayopata inabaki nyumbani.

Na yule wa linki mia tano? Muulize swali moja kabla hujatuma pesa: kwenye hizo tovuti, kuna msomaji hata mmoja atakayebofya? Akianza kukuonyesha grafu, rudisha simu mfukoni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.