Meisho-e: Taswira za Mahali Penye Jina

Istilahi meisho-e imeundwa kwa maneno matatu ya Kijapani, mei likiwa ni jina, sho likiwa ni mahali, na e likiwa ni picha. Nayo hutumiwa kwa zile taswira, hasa zilizopigwa chapa kwa mbao za mcheri katika zama za Edo, baina ya mwaka 1603 na 1868, zinazoonyesha milima, maporomoko ya maji, madaraja, na, kwa wingi usiokuwa wa sadfa, mahekalu ya Kibuddha na ya Kishinto. Tafsiri iliyo karibu na ulimi ni "picha za mandhari", wala si tafsiri ya uongo; lakini mandhari, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kile kinachotazamwa na jicho, ilhali meisho halikuanza machoni. Lilianza katika ushairi. Washairi wa kale wa Kijapani, karne nyingi kabla ya kuzaliwa mchoraji Hokusai, walikuwa na mahali maalumu walipopataja katika tungo zao, na kila mahali palikuwa na jambo lililofungamana napo, Yoshino kwa maua ya mcheri na mto Tatsuta kwa majani mekundu ya majira ya kupukutika. Hata mshairi ambaye hakupata kufika huko maisha yake yote aliweza kupatungia shairi, maadamu jina lenyewe lilikuwa limekwisha kubeba maana. Kwa hiyo naona kwamba tafsiri iliyo aminifu ni "taswira za mahali penye jina", nasi ambao husema "mtu mwenye jina" hatuhitaji maelezo zaidi.

Hata hivyo tafsiri hiyo, ingawa ni sahihi, haituambii ni nini kilichowatoa watu majumbani mwao. Chini ya watawala wa Tokugawa raia wa kawaida hakusafiri apendavyo. Njia kuu zilikuwa na vituo vya ukaguzi, na msafiri alitakiwa kuwa na hati. Sababu iliyokubaliwa kwa wepesi ni kwenda kuzuru mahali patakatifu, iwe ni Ise, au mlima Fuji, au Oyama. Na mwenye kuzuru, akiisha kutimiza nadhiri yake, hakuona haya kula vyakula vya njiani, kutazama michezo, na kuwanunulia jamaa zake picha. Ibada na matembezi vilikuwa safari moja. Neno letu "ziara" huzibeba maana zote mbili bila taabu, kwa kuwa watu wa pwani hulitumia kwa kuwaendea mawalii makaburini mwao, na hulitumia vilevile kwa kutembelea nchi. Fungu lile la meisho-e lihusulo mahali patakatifu, basi, napendekeza liitwe "taswira za ziara".

Hokusai (1760–1849) ananipa shahidi wa kwanza. Katika mfululizo wake wa Mionekano Thelathini na Sita ya Mlima Fuji, ambao kwa hakika una picha 46, imo moja ambayo umbo la mlima halionekani kabisa, kwa sababu mtazamaji amekwisha wekwa juu yake: wapandaji wenye fimbo wanauparamia mwamba, na wengine wamejikunyata pangoni.

Shahidi wa pili ana nguvu zaidi. Jumuiya za waumini wa Fuji zilijenga mjini Edo vilima vya kufanyiza kwa sura ya mlima ule, na aghalabu wakachukua mawe ya Fuji wenyewe na kuyapachika humo, ili asiyeweza safari apande kilima na apate fadhila ya kuzuru. Na wanawake, ambao hawakuruhusiwa kufika kileleni mwa Fuji hadi mwaka 1872, waliweza kuvipanda. Viwili vya Meguro, kimoja cha mwaka 1812 na kingine cha 1819, vimo katika Mahali Mia Penye Jina pa Edo, kazi kubwa ya mwisho ya Hiroshige (1797–1858), naye amevichora pamoja na Fuji ya kweli ikionekana kwa mbali. Huko Ueno pia, hekalu la Kan'ei-ji lilijengwa kwa kuigiza lile la mlima Hiei karibu na Kyoto, na bwawa la Shinobazu likafanywa mithili ya ziwa Biwa, pamoja na kisiwa chake cha mungu wa kike Benten. Ikiwa mahali patakatifu paliweza kunakiliwa kwa udongo na mawe bila watu kuona kwamba baraka imepotea, haiwi ajabu kwamba pakanakiliwa tena kwa wino na karatasi. Sisemi kwamba karatasi iliabudiwa. Nasema iliwafikisha watu.

Itazameni taswira ya Hiroshige ya hekalu la Asakusa, ya mwaka 1856. Fanusi kubwa jekundu limekatwa na ukingo wa juu, nguzo ya lango imeziba upande, theluji imetanda, na hekalu lenyewe limewekwa mbali, dogo, nyuma ya watu wenye miavuli wanaoliendea. Mchoraji aliyekusudia mandhari tu angalilileta hekalu mbele. Huyu amemsimamisha mtazamaji chini ya lango, mahali pa mtu aliyefika sasa hivi na ambaye bado hajaingia.

Yuko atakayeuliza habari za mtaa wa Suruga, wenye maduka ya Mitsui, uliomo katika mfululizo uo huo. Huo, kwa kuwa ni mahali pa biashara wala si patakatifu, nauacha katika mahali penye jina, ijapokuwa Hiroshige ameiweka Fuji juu ya mapaa.

Ama Hasui Kawase (1883–1957), aliyefanya kazi katika zama za reli, wakati ambapo hati za ukaguzi zilikuwa zimekwisha kusahauliwa, yeye simwingizi katika fungu hili. Katika taswira yake ya hekalu la Zojoji, ya mwaka 1925, mwanamke mwenye mwavuli anapita mbele ya lango jekundu akipambana na theluji, wala haelekei ndani. Kwa kazi za namna hiyo "picha za mandhari" ndilo jina linalostahili.