Kitabu cha Ubatizo na Wanawake wa Meksiko

Kila usharika wetu una kitabu cha ubatizo. Tukimbatiza mtoto tunaandika jina lake, majina ya wazazi na wasimamizi wake, na tarehe. Rangi yake hatuiandiki. Huko Meksiko, wakati wa utawala wa Wahispania, parokia nyingi zilikuwa na vitabu zaidi ya kimoja: cha Wahispania, cha Wahindi, kama walivyoitwa wenyeji wa asili wa nchi ile, na cha watu weusi na machotara. Maji yalikuwa yaleyale, na Jina lililotajwa juu ya mtoto lilikuwa lilelile. Tunaanzia hapo kwa sababu habari ya wanawake tunaotaka kuwazungumzia, wenyeji wa asili na wenye asili ya Afrika waliohama makwao, ni habari ya nani ameandikwa, na ameandikwa na nani.

Wengi wetu hatukufundishwa shuleni kwamba Meksiko ina watu wenye asili ya Afrika. Wahispania walipeleka huko watumwa wapatao 200,000, wengi wao katika miaka ya 1500 na 1600, wakiwashusha katika bandari ya Veracruz. Wachache walitoka upande wetu wa bara: walichukuliwa pwani ya Msumbiji, wakapitishwa Asia hadi Manila, kisha wakavushwa Bahari ya Pasifiki mpaka Acapulco. Baada ya uhuru, mwaka 1822, serikali mpya iliagiza kwamba habari za rangi zisiandikwe tena katika hati za serikali wala za kanisa. Mwaka 1829 Rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika, alipiga marufuku utumwa. Nia ilikuwa njema. Lakini neno likifutwa kitabuni, dharau yaweza kubaki moyoni. Taifa likajisimulia kuwa ni uzao wa Mhispania na Mhindi, na Mwafrika akatoweka katika simulizi hiyo huku akiendelea kulima na kuvua samaki Costa Chica, ukanda wa pwani wa majimbo ya Guerrero na Oaxaca.

Mmoja wa waliowaita tena kwa jina lao alikuwa mtu wa kanisa. Padre Glyn Jemmott, mzaliwa wa Trinidad, alifika kutumika katika kijiji cha El Ciruelo miaka ya 1980, na mwaka 1997 alisaidia kuitisha huko mkutano wa kwanza wa vijiji vya watu weusi. Alikuwa Mkatoliki, nasi Walutheri tunakiri kwa furaha kwamba hiyo ilikuwa kazi ya mchungaji. Ilichukua miaka 18 tangu mkutano ule hadi watakwimu wa taifa walipowauliza wananchi, mwaka 2015, kama wanajiona kuwa wenye asili ya Afrika. Mwaka 2019 katiba ikawataja. Katika sensa ya 2020, watu zaidi ya milioni mbili na nusu walijibu ndiyo.

Wakati huo wengi walikuwa wameshaondoka. Bei ya kahawa iliporomoka mwaka 1989, jambo ambalo wazee wetu wa Kilimanjaro na Kagera hawahitaji kuelezwa. Kisha mkataba wa biashara wa mwaka 1994 ukafungua mlango kwa mahindi ya bei rahisi kutoka Marekani. Watu wa Costa Chica wakaelekea hata Winston-Salem, North Carolina. Wamiksteki na Wazapoteki wa Oaxaca walikwenda kwenye mashamba ya nyanya na stroberi ya kaskazini, wakavuka mpaka hadi California. Mwanamke mweusi wa Meksiko aliweza kusimamishwa barabarani katika nchi yake mwenyewe na kuambiwa aimbe wimbo wa taifa ili athibitishe uraia wake. Mwenzake Mmiksteki aliitwa na Wameksiko wenzake kwa jina la kejeli linalotokana na Oaxaca, hata mwaka 2012 wazazi na vijana wa Oxnard wakadai jina hilo lipigwe marufuku mashuleni, wakasikilizwa.

Tusiwapambe mno watu hawa. Vijiji vya Oaxaca vina desturi ya *tequio*, kazi ya pamoja isiyo na malipo, ambayo sisi tungeiita msaragambo. Ni desturi nzuri, na wahamiaji wameibeba hadi ugenini. Lakini katika vijiji vingi heshima ya kuongoza ilikuwa ya wanaume. Mwaka 2007 Eufrosina Cruz, Mzapoteki, aligombea uongozi wa kijiji chake cha Santa María Quiegolani. Kura zake zikafutwa kwa kuwa ni mwanamke. Hakunyamaza. Miaka mitatu baadaye aliongoza bunge la jimbo lake.

Mwishoni mwa 2008, mama mmoja Mchatino kutoka Oaxaca alijifungua mtoto wa kike katika hospitali moja huko Mississippi. Mkalimani aliyeletwa alizungumza Kihispania, naye mama alikifahamu kidogo sana. Ikaandikwa kwamba hafai kulea, na mtoto akachukuliwa. Ilipita takriban mwaka mzima, pamoja na mawakili, kabla hajarudishiwa mwanawe. Tukisoma Mwanzo 16 tunaona kwamba Abramu na Sarai hawamtaji Hajiri kwa jina hata mara moja. Kwao ni mjakazi tu. Malaika ndiye anayemwita Hajiri, kisha anamwuliza atokako na aendako, na kumsubiri ajibu.

Huko Los Angeles, mwanamke Mzapoteki, Odilia Romero, na mwenzake Janet Martínez walianzisha shirika la CIELO mwaka 2016. Wanaandaa wakalimani wa lugha za wenyeji wa asili, ili mama aulizwe swali kwa lugha yake. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga kazi, walichangisha fedha kwa ajili ya familia za wenyeji wa asili zisizo na hati. Waliopokea waliulizwa wanatoka kijiji gani na wanazungumza lugha gani, na kutokana na daftari hilo la msaada, wakishirikiana na wasomi wa chuo kikuu, wakachora ramani ya jiji inayoonyesha lugha za asili zinakozungumzwa, mtaa kwa mtaa.