JAMAA WALIOGEUZA SUFURIA KUWA KIWANDA: HISTORIA YA KUTIA RANGI VISAHANI VYA GOFU

Mdau, ukiona kisahani cha plastiki kimechorwa simba, kingine kina rangi zilizozunguka kama kimbunga, unaweza kudhani vimetoka kiwandani hivyo hivyo. Kumbe vingi vimepikwa nyumbani, jikoni au gereji, na watu wasio na jina lolote.

Tuanzie mbali kidogo. Huko Marekani, vijana walikuwa wakirushiana sahani za bati za kuokea pai. Mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikaanza kuuza kisahani cha plastiki, ndiyo frizbi tunayoijua. Mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye kampuni hiyo akaona kinaweza kuchezewa kama gofu. Mwaka 1975 uwanja wa kwanza wa kudumu ukawekwa kwenye bustani ya Oak Grove, California. Mwanzoni walilenga nguzo tu, baadaye mzee akabuni kikapu chenye minyororo. Mwaka 1976 kikazaliwa chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA.

Sasa tatizo likaanza. Uwanja una miti, vichaka na mabwawa. Visahani vinapotea kila siku, na viwili vya aina moja vinafanana kama mapacha. Sheria inataka kila kisahani kiwe na alama ya mwenyewe. Wengi waliandika jina kwa kalamu ya wino, ila wino unafutika. Wengine wakaona bora wapake rangi ya kawaida. Hapo ndo balaa! Kanuni za PDGA zinakataa kisahani kilichopakwa kitu chenye unene unaogusika, maana kinaweza kubadili namna kinavyoruka. Yaani unahangika kupendezesha, halafu mashindanoni unaambiwa kiweke pembeni.

Jibu lilitoka kwenye nguo. Miaka ya 1920 wataalamu wa viwanda walitengeneza rangi maalumu kwa ajili ya vitambaa vya kutengenezwa kiwandani, vile vilivyokuwa vinagoma kushika rangi za pamba. Baadaye zikatumika sana kwenye poliesta. Rangi hizi haziyeyuki vizuri kwenye maji. Zikipata joto zinaingia ndani ya plastiki yenyewe. Haziongezi unene hata kidogo, na kwa hiyo sheria haivunjwi.

Lakini si kila kisahani kinakubali. Vile vya bei rahisi, vya plastiki ya kawaida, vinashika rangi kwa shida au vinaigomea kabisa. Vile vya bei ghali vya poliyurethani ndivyo vinavyoinywa. Kwa hiyo mtu anayejaribu anaweka rehani kisahani chake kizuri kuliko vyote, na akikosea, rangi haitoki.

Njia ya kwanza ni ya stika. Unabandika stika ya vinili juu ya kisahani, unakata mchoro kwa wembe, unabandua sehemu unayotaka iwe na rangi, kisha unalaza kisahani kwenye maji ya moto yenye rangi. Waliowahi kuona batiki ikitengenezwa wameshaelewa, kwani stika inafanya kazi ya nta. Maji yasichemke, maana kisahani kitapinda, na kilichopinda hakiruki tena sawasawa.

Wasio na mkono wa kuchora nao wakapata njia yao. Wanatandaza povu la kunyolea ndevu kwenye sahani, wanadondoshea rangi, wanakoroga kwa kijiti, wanalaza kisahani kifudifudi na kukiacha kama siku nzima. Wengine wanatumia gundi nyeupe ya wanafunzi. Hapo hakuna kisahani kitakachofanana na kingine, hata fundi mwenyewe hawezi kukirudia.

Tahadhari sasa. Wengi hutumia asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, kuondoa nembo ya kiwandani au kuyeyushia rangi. Moshi wake unashika moto haraka. Ukiiweka karibu na jiko la gesi unaitafutia nyumba msiba. Fungua madirisha, vaa glavu, na sufuria ya rangi isirudi kupikia wali. Hiyo haina mjadala.

Yule mzee wa kikapu cha minyororo alifariki mwaka 2002. Kwa matakwa yake mwenyewe, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki na kutengenezwa visahani. Alitaka abaki ndani ya kitu alichokipenda. Mafundi wa jikoni nao, kwa namna yao, wanafanya hivyo hivyo. Kisahani kikipotea kichakani, anayekiokota anajua kina mwenyewe.

Je mdau, ungekuwa na kisahani kimoja tu, ungekichora nini? Tupia maoni yako hapo chini.