Makubaliano ya Kabla ya Ndoa miongoni mwa Wasukuma wa Bariadi na Simiyu: Kutoka Ng'ombe wa Bukwi hadi Sheria ya Ndoa ya Mwaka 1971

1.0 Utangulizi

Mkataba wa kabla ya ndoa huzungumziwa mara nyingi nchini Tanzania kana kwamba ni jambo geni, linalowahusu watu wachache wa mijini wenye mali nyingi. Insha hii inapinga mtazamo huo. Hoja yake ni kwamba Wasukuma wa eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu wamekuwa na makubaliano ya kabla ya ndoa tangu kabla ya sheria za kuandikwa, nayo yalikuwa na wahusika, mashahidi, masharti na matokeo pale yalipovunjwa. Kilichobadilika katika karne ya 20 ni nani anayeyafanya makubaliano hayo na ni mali ipi inayozungumzwa. Mabadiliko hayo hayajakamilika, na pengo lililobaki humwelemea zaidi mke.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na maeneo yaliyokuwa ya mikoa ya Shinyanga na Mwanza, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Wakati wa utawala wa Waingereza, Bariadi ilikuwa katika utemi wa Ntuzu, Wilaya ya Maswa. Uchumi wa eneo hili umeegemea ng'ombe na pamba, na mali hizo mbili ndizo zinazoeleza historia inayofuata.

2.0 Bukwi na Butende

Katika mila za Wasukuma, kama zilivyorekodiwa na Hans Cory, mtaalamu wa elimu jamii aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1953, ndoa ilikuwa ya namna kuu mbili. Ya kwanza ni ndoa ya bukwi, ambayo upande wa mume ulitoa ng'ombe kwa upande wa mke. Ya pili ni butende, ambayo watu waliishi kama mume na mke bila ng'ombe kutolewa. Katika bukwi, watoto walihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba. Katika butende, walibaki upande wa mama mpaka baba awakomboe kwa kutoa ng'ombe.

Kwa hiyo mazungumzo ya mahari hayakuwa ya bei ya binti, kama wageni wengi walivyodhani. Yalikuwa mazungumzo ya haki za baadaye. Wazee wa pande mbili, wakisaidiwa na mshenga na kushuhudiwa na majirani, walikubaliana idadi na aina ya ng'ombe, na kwa kufanya hivyo waliamua watoto watakuwa wa nani na nini kitarudishwa ndoa ikivunjika. Idadi ya ng'ombe waliorudishwa wakati wa talaka ilitegemea, pamoja na mambo mengine, watoto waliozaliwa. Mwanasheria wa leo angeyatambua mambo hayo kuwa ni masharti ya mkataba: pande zilizokubaliana, kitu kilichotolewa, mashahidi, na utaratibu wa kuvunja.

Tofauti na desturi ya Waislamu wa pwani inafaa kutajwa hapa. Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Katika bukwi, ng'ombe walikwenda kwa baba na ukoo wake. Binti ndiye aliyekuwa kiini cha makubaliano, lakini hakuwa upande mmoja wa makubaliano hayo.

3.0 Kutoka Baraza la Mtemi hadi Waraka wa Serikali

Kuanzia miaka ya 1920, mahakama za wenyeji chini ya watemi zilisikiliza mashauri ya mahari na talaka chini ya usimamizi wa Waingereza. Kuandikwa kwa mila kulizisaidia mahakama hizo kuwa na kanuni zinazofanana, lakini kulikuwa na gharama yake. Jambo ambalo wazee waliweza kulijadili upya katika kila posa liligeuka kuwa kanuni ya kitabu, na waliohojiwa kuhusu kanuni hizo walikuwa hasa watemi na wazee wanaume.

Baada ya uhuru, utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963, na mwaka huohuo tamko la sheria za mila, Tangazo la Serikali Na. 279, lilitolewa ili kuunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa Watanzania wote. Matokeo yake yalikuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

4.0 Mlango Uliofunguliwa na Sheria ya 1971

Sheria hiyo iligusa moja kwa moja msingi wa makubaliano ya bukwi. Kifungu cha 41 kilieleza kwamba ndoa iliyotimiza matakwa ya sheria ni halali hata kama desturi ya mahari haikufuatwa. Kifungu cha 10 kilishughulikia jambo zito kuliko idadi ya ng'ombe: ndoa iwe ya mke mmoja, au inayoweza kuwa ya wake wengi. Aidha, taarifa ya kusudio la kuoana, inayotolewa siku 21 kabla ya ndoa, iliwaweka wachumba wenyewe mbele ya msajili, pasipo wazee wao kuwasemea.

Kuhusu mali, kifungu cha 58 kinasema kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume au ya mke, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vinginevyo. Hapo ndipo mkataba wa kabla ya ndoa unapopata nafasi katika sheria ya Tanzania. Hata hivyo, kifungu cha 114, kinachoipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, kinataja mila ya jamii, mchango wa kila mmoja, madeni na mahitaji ya watoto. Kilivyotungwa mwaka 1971, hakikutaja makubaliano ya kabla ya ndoa. Mkataba unaweza kuthibitisha mali ipi ilikuwa ya nani, lakini haupaswi kudhaniwa kuwa unaifunga mikono mahakama.

5.0 Mali Isiyozungumzwa

Katika kikao cha posa, ng'ombe hutajwa mmoja mmoja. Shamba la pamba ambalo wanandoa watalima, palizi na mavuno ambayo mke atayafanya kwa miaka mingi, na ng'ombe watakaonunuliwa kwa fedha ya pamba hiyo havina mtu wa kuvitaja, kwa kuwa bado havipo. Ndoa inapovunjika, hivyo ndivyo vinavyogombaniwa.

Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Hata hivyo, Bi Hawa mwenyewe hakupewa mgawo, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe alizitumia vibaya. Kanuni ilishinda, mwanamke aliyeileta mahakamani alitoka mikono mitupu. Fundisho kwa mke wa Bariadi au Itilima ni kwamba haki iliyo katika sheria huhitaji ushahidi, na ushahidi huanza kuandaliwa mapema.

Tahadhari inahitajika pia. Mkataba ulioandikwa na mwenye mifugo mingi, ukatiwa saini na binti asiye na mshauri, unaweza kumnyima kile ambacho uamuzi wa 1983 ulimpa.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba jamii ya Simiyu haihitaji kufundishwa upya wazo la kupatana kabla ya ndoa. Kikao kipo, washenga wapo, mashahidi wapo. Kinachokosekana ni sauti ya bibi harusi na orodha ya mali inayozidi zizi la ng'ombe. Makubaliano machache yaliyoandikwa katika kikao hichohicho, yakieleza mali ya kila mmoja kabla ya ndoa, namna ardhi itakavyosajiliwa, na kwamba kitakachochumwa pamoja kitakuwa cha wote wawili, yangeiendeleza mila ya bukwi bila kuivunja. Wazee walijua kwamba jambo lisiloshuhudiwa hukanushwa. Busara hiyo iliwalinda ng'ombe kwa vizazi vingi, na haina sababu ya kushindwa kulilinda jasho la mke.