Alama ya Muuzaji Juu ya Motokaa

Kitu kikishanunuliwa na bei yake ikalipwa kwa ukamilifu, desturi ya biashara yasema kwamba muuzaji hana tena haki juu yake. Aliyeuza jembe hafuatani na jembe shambani, wala aliyeuza kanzu hadai kutajwa kila inapovaliwa. Motokaa peke yake imejitenga na desturi hiyo. Hutoka dukani, hulipiwa, husajiliwa kwa jina la mwenyewe, na bado huendelea kulichukua jina la aliyeiuza, limebandikwa nyuma karibu na taa, mahali ambapo kila afuataye njia ile hulazimika kulisoma. Mwenye motokaa huwa mpiga mbiu wa biashara ya mtu mwingine, naye hapewi ujira. Wako wasiojali jambo hili, na wako wanaolipenda. Wako pia wanaotaka jina lile liondoke, nao ndio wanaoikabili shida ya kale: namna ya kuondoa kilichobandikwa pasipo kukidhuru kilichobandikiwa.

Mtu wa mjini aweza kudhani kwamba shida hiyo ni ndogo. Lakini aitazame kutoka Ngujini, kata ya Wilaya ya Mwanga katika milima ya Upare wa Kaskazini. Motokaa ipandayo milima ile huacha joto na vumbi la tambarare, ikakutana na ukungu na mvua za juu. Haikai kwa bwana mmoja. Aghalabu ilikwisha kutumika nchi nyingine kabla ya kufika, nayo huendelea kupita mkono hata mkono kwa miaka mingi. Kwa chombo cha namna hiyo rangi si pambo tu. Rangi ni ngozi ya chuma. Ikikwaruzwa hata bati likaonekana, unyevu huingia, kutu huanza kama doa dogo, na baada ya misimu michache ya mvua doa huwa tundu. Mwenye haraka huokoa saa moja, akapoteza mlango mzima.

Kabla ya kusema habari ya kuondoa, yafaa tuzitenge alama zenyewe, maana si zote zenye asili moja. Iko nembo ya kiwanda, imtajayo aliyeunda. Liko jina la aina ya motokaa. Iko alama ya muuzaji, ambayo haimtaji aliyeunda wala aliyenunua, bali aliyesimama kati yao. Tena ziko alama ambazo mwenye motokaa hana ruhusa ya kuzigusa, kama namba ya usajili na namba iliyochapwa katika chasisi. Hizo ni ushahidi wa kitu chenyewe, na azifutaye huonekana mwizi. Tunayoizungumza hapa ni ile ya tatu tu.

Motokaa zilianza mapema kuonekana katika nchi yetu. Mwaka 1907 Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akafika Swakopmund, pwani ya magharibi ya Afrika, mwaka 1909. Reli iliyotoka Tanga ikapita chini ya milima ya Upare na kufika Moshi mwaka 1911. Katika zama zile za mwanzo muuzaji wa motokaa, huko Ulaya na Marekani, alikuwa na desturi ya kukaza kibao kidogo cha shaba kwa skrubu mbele ya dereva. Kibao hicho kilikaa ndani, hakikupigwa na mvua, na kukiondoa kulihitaji bisibisi tu. Katikati ya karne ya 20 alama ilihamia nje, ikawa ya chuma kilichong'arishwa kwa kromu, yenye misumari midogo iliyopenya katika matundu ya bati. Aliyeing'oa alibaki na matundu. Ilimpasa kuyaziba kwa kuyachomelea, kupiga msasa, na kupaka rangi upya. Kwa hiyo wengi waliiacha ilipo. Waliiacha kwa kuogopa gharama, si kwa kuridhika nayo, na wauzaji wakanufaika na hofu hiyo.

Rangi nayo ina historia yake. Kati ya mwaka 1914 na 1925 Ford aliziuza motokaa zake za Model T kwa rangi nyeusi tu. Katika miaka hiyo ya 1920 kampuni ya DuPont ilileta rangi iitwayo Duco, iliyokauka kwa saa chache ambapo rangi za zamani zilingoja majuma. Ikazuka desturi ya kupaka motokaa moja rangi mbili. Mafundi walifunika nusu moja kwa karatasi na gundi, wakapaka nusu ya pili. Lakini walipoivua karatasi, gundi iliondoka na rangi waliyoitolea jasho. Kijana mmoja, Richard Drew, aliyefanya kazi katika kampuni ya 3M iliyotengeneza msasa, aliyaona masikitiko yao katika karakana moja ya Saint Paul. Akajaribu gundi nyingi, na mwaka 1925 akatoa utepe ulioshika vya kutosha na kubanduka bila kuchukua kitu. Hapo lilifahamika jambo ambalo bado ni msingi wa kazi hii: gundi njema haihukumiwi kwa nguvu ya kushika peke yake, bali pia kwa adabu yake wakati wa kuachia.

Miaka hamsini na mitano baadaye, mwaka 1980, kampuni hiyohiyo ilileta utepe wa povu wenye gundi pande zote mbili, na nguvu ya kushika chuma kwa chuma. Utepe wa namna hiyo ukachukua mahali pa misumari. Alama za leo, nyingi zikiwa za plastiki, hazina matundu nyuma yake. Hivyo kizazi hiki kimepata uhuru ambao wazee wetu hawakuwa nao: alama yaweza kutoka na bati likabaki zima.

Uhuru huo umefika Afrika ya Mashariki pamoja na motokaa kuukuu za Japani. Japani na Tanzania zote huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani huwa kulia. Kwa sababu hiyo, pamoja na bei yake, motokaa hizo zimeenea mijini na vijijini. Nyingine huja na maandishi ya Kijapani ya kampuni zilizozitumia kwanza, yasiyosomeka na abiria hata mmoja. Nyingine hubeba jina la waliozisafirisha. Kibandiko cha Be Forward, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 2004, kimeonekana katika nchi nyingi za Afrika. Ajabu ni kwamba baadhi ya wenye motokaa hukiacha kwa fahari, kuwa ushahidi kwamba chombo kimefika karibuni kutoka ng'ambo. Hao tusiwacheke. Mtu huru aweza kuchagua kuchukua jina la mwingine. Dhuluma huanza pale tu asipoulizwa.

Basi kwa yule aliyechagua kuliondoa, kazi yenyewe yataka utaratibu. Kwanza aoshe mahali pale kwa sabuni na maji mengi, kwa kuwa chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Pili aipashe gundi moto wa kadiri. Maji ya moto yasiyochemka hufaa, au mashine ya kukaushia nywele, au jua la adhuhuri. Asubuhi za baridi za mwezi wa Juni na Julai hazifai, maana gundi iliyopoa hukakamaa na plastiki hukatika. Tatu apitishe mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya alama, auvute huku na huku kama msumeno. Asitumie kisu wala bisibisi. Nne, gundi iliyosalia aisukume polepole kwa kidole gumba. Ikikataa, aiondoe motokaa juani, ailainishe gundi kwa mafuta ya kupikia au mafuta ya taa kidogo katika kitambaa laini, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana. Thina asiiguse, kwani hiyo huyeyusha rangi, hasa rangi iliyopakwa upya na fundi wa mtaani. Mwisho aoshe tena, apige polishi.

Wahunzi wa Ugweno, katika Upare huohuo wa Kaskazini, waliokuwa mashuhuri kwa chuma chao hata Uchagani, waliijua kanuni iliyomo humu: moto ukipungua, chuma hakitii, ukizidi, chuma huharibika.

Hata baada ya taabu hiyo, mara nyingi kitu hubaki. Jua limepausha rangi yote iliyo wazi, na ile iliyofunikwa na alama imebaki kama ilivyotoka kiwandani. Kivuli cha jina huonekana, herufi kwa herufi, ingawa jina limekwenda. Wengi hapa hukasirika, wakasugua hata wakafika bati. Polishi hupunguza tofauti, na jua lenyewe, kwa miaka, hulimaliza lililobaki. Kivuli si uchafu. Ni ukumbusho wa muda ambao alama ilikaa.

Upare wenyewe una kumbukumbu kubwa ya jina lililobandikwa. Wakati wa ukoloni iliwekwa kodi mpya, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, ikapewa jina la mbiru, ambalo hapo kale lilikuwa jina la ushuru wa jadi. Jina la zamani lilibandikwa juu ya kitu kipya ili kikubalike. Watu walilitambua hilo. Mwaka 1945 maelfu walishuka kutoka milimani wakaenda Same, wakakaa huko kudai kodi ile iondolewe. Hawakukataa kodi yenyewe, maana walikuwa tayari kulipa ile ya kawaida iliyo sawa kwa wote. Walichokikataa ni kile kilichoongezwa juu yake. Kabla ya mwaka 1947 kwisha mbiru ilikuwa imeondolewa, na Profesa Isaria Kimambo ameiandika habari hiyo kwa urefu.

Jambo la kodi ni kubwa, na jambo la kibandiko ni dogo. Hatuyalinganishi kwa uzito. Twayalinganisha kwa njia. Katika yote mawili, anayeondoa hupaswa kujua mpaka uliopo kati ya kilichobandikwa na mwili wenyewe, kisha avumilie mpaka kile cha juu kiachie bila cha chini kupasuka. Mwenye motokaa wa Ngujini akiweza kufanya hivyo, chombo chake hubaki na ngozi yake nzima, nacho huipanda milima bila kutaja jina la mtu asiyekuwamo safarini.